Mji Uliongoja Maji

Leo nawaomba mfungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6 na ya 7, mahali paelezapo jinsi Samaria ulivyohusuriwa na Washami hata watu wakafa njaa. Mkiisha kusoma, iacheni Biblia wazi mezani, kwa maana nitawasimulia habari za mji mwingine, katika nchi ya Uholanzi, ambao mambo yake yanafanana na hayo kwa namna ya ajabu.

Mji huo ni Leiden. Umejengwa juu ya mkono wa zamani wa mto Rhine, na siku zile ulizungukwa na ukuta na handaki la maji. Mwaka 1574 walikaa humo watu kama 15,000. Uholanzi ilikuwa chini ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, na watu wengi walikuwa wamemwasi, wengine kwa sababu ya kodi, wengine kwa sababu Waprotestanti walikuwa wakiuawa kwa ajili ya imani yao. Kiongozi wao alikuwa Willem wa Orange.

Wahispania waliuhusuru Leiden mara mbili. Mara ya kwanza walikuja Oktoba 1573, wakaondoka Machi 1574 kwenda kupigana na jeshi jingine. Basi hapo, ndugu zangu, ndipo pananisikitisha. Kwa miezi miwili milango ilikuwa wazi, na watu wa Leiden hawakujaza ghala zao, wala hawakuzibomoa ngome ndogo ambazo adui alikuwa amezijenga kuuzunguka mji. Walidhani mambo yamekwisha. Mwishoni mwa Mei Wahispania wakarudi, chini ya jemadari Francisco de Valdés, wakaingia katika ngome zao zile zile.

Mkate ulikwisha. Watu wakala farasi, mbwa, paka, panya na majani ya miti. Kisha tauni ikaingia. Yasemekana kwamba watu wapatao 6,000 walikufa, na tauni iliua wengi kuliko njaa. Husimuliwa kwamba watu walipomjia meya wao, Pieter van der Werff, wakitaka mji utolewe kwa adui, aliwaambia wale mwili wake kama utawafaa, lakini hatafungua milango. Walijua yaliyoupata mji wa Haarlem mwaka uliotangulia: ulijitoa, na askari wake wakauawa kwa mamia.

Fedha nazo zilipopungua, walitengeneza sarafu za karatasi kwa kurasa za vitabu vya kanisa. Juu yake waliandika kwa Kilatini kwamba mateso hayo ni kwa ajili ya uhuru. Wahubiri wengine hawakupendezwa. Walitaka iandikwe kwamba ni kwa ajili ya dini. Lakini ndani ya kuta zile walikuwamo Wakatoliki pia, nao walikuwa na njaa ile ile. Mimi naona aliyechagua maneno yale aliwakumbuka.

Sasa, msaada ungetoka wapi? Willem hakuwa na jeshi la kuwashinda Wahispania katika nchi kavu. Bali sehemu kubwa ya nchi ile iko chini kuliko bahari, na bahari huzuiwa na matuta makubwa ya udongo. Akaamua matuta hayo yakatwe, ili bahari yenyewe iingie mashambani, na mashua zipite juu ya mashamba mpaka Leiden. Kazi ilianza mwezi wa Agosti. Tena yeye mwenyewe alishikwa na homa kali siku zile, hata ikadhaniwa atakufa.

Tufikirie kidogo habari za wakulima. Kulikuwa na vijiji vingi kati ya bahari na Leiden, na ng'ombe, na majani ya malisho. Maji ya chumvi yakaingia humo yote. Watu wa nchi walisema ni afadhali nchi iliyoharibika kuliko nchi iliyopotea. Lakini aliyeharibikiwa na shamba lake hakuwa yule aliyeokolewa ndani ya ukuta. Hakuna kumbukumbu kubwa ya watu hao, nami sijasikia wakitajwa mara nyingi mimbarani.

Mashua zilikuwa za chini bapa, chini ya Amiri Boisot. Mbele yao palikuwa na tuta baada ya tuta, na kila moja lilipaswa kutekwa na kukatwa. Maji yalikuwa machache, kwa maana upepo wa mashariki uliyasukuma kurudi baharini. Wenye njaa walipanda ngome ya kale iliyo juu ya kilima katikati ya mji, wakatazama. Majuma yakapita. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba dhoruba ikavuma toka kaskazini-magharibi, ikaijaza mito kwa maji ya bahari. Kisha ikageuka kuvuma toka kusini-magharibi, ikayasukuma maji kuelekea mjini.

Usiku uliofuata sehemu ya ukuta wa Leiden ikaanguka kwa kishindo. Wangeingia wakati huo, Wahispania wangeuchukua mji. Lakini wao walikuwa wakiyakimbia maji gizani, na inasemekana kishindo kile kiliwazidishia hofu. Washami nao walikimbia kwa kusikia kishindo. Na kama vile wakoma wanne walivyokuta kambi tupu, ndivyo yasimuliwavyo ya mvulana yatima aliyekwenda asubuhi mpaka ngome ya Lammen, akakuta chungu cha nyama na mboga, na hapana mtu.

Tarehe 3 Oktoba 1574 mashua ziliingia zikiwagawia watu samaki wa heringi na mkate mweupe. Wengine walikufa kwa kula upesi mno. Waliobaki, pamoja na mabaharia, walikwenda katika kanisa la Mtakatifu Petro kumshukuru Mungu. Wimbo ulikatika kwa sababu ya kulia. Mwaka uliofuata, Februari 1575, mji ukapewa chuo kikuu, nacho kipo hata leo.

Siku moja baada ya ibada ile, upepo uligeuka ukavuma toka kaskazini-mashariki, maji yakaanza kurudi baharini. Baada ya siku chache mashamba yakaonekana tena, meupe kwa chumvi, na kazi ya kuyaziba matuta ikaanza.