Vitamini za kuku wa nyama joto linapopanda

Kila mwaka kati ya Desemba na Machi, wafugaji wa kuku wa nyama wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huingia katika miezi yao migumu. Joto la mchana hupita nyuzi 31, unyevu wa bahari umetanda hewani, na banda la bati lisilo na dari huwa na joto kuliko nje. Vifo huanzia kwa walionona: wale wa wiki ya tano, waliobakiza siku chache tu kwenda sokoni. Ndipo mfugaji anapokimbilia duka la dawa za mifugo kununua vitamini. Ana sababu nzuri ya kufanya hivyo, ila mara nyingi huzitoa saa isiyofaa, kwenye maji yasiyofaa, na pengine alichouziwa si vitamini peke yake.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hadi 42, na joto likizidi hulitoa kwa kuhema. Mdomo unabaki wazi, mabawa yanaachana na mbavu ili hewa ipite, na ngozi ya koo inatikisika upesi upesi. Pumzi zinaweza kupita 150 kwa dakika. Kila pumzi huondoka na mvuke, na mvuke huondoka na joto. Hapo ndipo kuku wa pwani anapoumia kuliko mwenzake wa Dodoma, maana hewa iliyokwisha kujaa unyevu haipokei mvuke kwa urahisi.

Kuhema huko kuna gharama yake. Kabonidayoksaidi hutoka mwilini kupita kiasi, damu inaelemea upande wa alkali, na figo katika kuirekebisha humwaga bikaboneti pamoja na madini kama potasiamu. Mwaka 1985 Robert Teeter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, walionyesha kwamba hali hii huwapata kuku wa nyama wanaokaa kwenye joto kwa muda mrefu, na kwamba chumvi kama kloridi ya amonia kwenye chakula huwasaidia kuendelea kukua. Pakiti za elektrolaiti zinazouzwa madukani hufanya kazi ya aina hiyo: kurudisha madini yaliyopotea na kumfanya kuku anywe zaidi.

Kwa upande wa vitamini C, kuku amejaliwa kuliko binadamu, kwa kuwa huitengeneza mwenyewe kwenye figo. Ndiyo maana kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa vitamini ambazo lazima awekewe kwenye chakula. Joto likikaza, mahitaji hupanda na figo hushindwa kuyafikia. Vitamini hii hupunguza homoni ya msongo, kotikosteroni, ambayo ikizidi humeng'enya misuli, yaani ile nyama anayoisubiri mfugaji. Vitamini E hulinda utando wa chembehai, seleniamu huisaidia katika kazi hiyo, na zinki hushika upande wa kinga na utumbo. Nchini Uturuki, Kazim Sahin na wenzake walizichunguza vitamini C na E kwa kware waliofugwa kwenye joto la nyuzi 34, na ndege hao wakala na kukua vizuri zaidi ya wenzao walionyimwa.

Kuna hesabu nyepesi inayosahaulika. Vitamini na madini mengi humfikia kuku kupitia chakula. Joto likimfanya apunguze kula kwa robo, amepungukiwa robo ya kila kitu, hata kama mfuko wa chakula ni wa daraja la kwanza.

Saa ya kutoa ndiyo inayowakosesha wengi. Kumeng'enya chakula huzalisha joto, kwa hiyo kuku aliyeshiba saa nne asubuhi huunguzwa kutoka ndani saa nane mchana. Bora ale alfajiri, chakula kiondolewe kabla jua halijapanda, kirudishwe jioni na taa iachwe ikiwaka ili ale usiku. Vitamini nazo zitangulie: zitolewe asubuhi, na ikiwezekana zianze siku moja kabla ya wimbi la joto lililotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kuku aliyekwisha kulala chali akitweta haokolewi na kijiko cha unga wa njano.

Halafu maji. Tenki jeusi juani hupasha maji mpaka kuku anayakwepa, na vitamini C huharibika upesi kwenye joto, mwanga na klorini. Tenki lifunikwe kwa makuti au lihamishiwe kivulini, mabomba yafukiwe. Kuku 100 wa wiki ya tano hunywa takribani lita 25 hadi 30 kwa siku, na kwenye joto zaidi sana. Kichanganywe kiasi cha kwisha kwa saa chache tu. Mchana wapewe maji safi ya baridi. Elektrolaiti zikiendelea wiki nzima, kinyesi huwa majimaji, maranda hulowa, amonia hupanda na koksidia hupata pa kuzaliana.

Banda lililobanana kuku, lenye mapazia yaliyoshushwa mchana, litaua hata vitamini ziwe nyingi kiasi gani. Miezi ya joto waingizwe vifaranga wachache kwa kila mita ya mraba.

Mwisho, lebo isomwe. Baadhi ya pakiti zinazoitwa vitamini zina viuavijasumu ndani yake, hasa oksitetrasaiklini. Mfugaji anayezitoa kila joto linapopanda anawapa dawa kuku wasio na ugonjwa, anazoesha bakteria kuihimili dawa, na akichinja kabla ya muda wa kusubiri kwisha, masalia yanaingia kwenye sahani ya mlaji. Kwa ajili ya joto, aombe pakiti ya vitamini na elektrolaiti isiyo na kiuavijasumu, na amtake muuzaji amwonyeshe hilo kwenye orodha ya viambato.