Skrini za Tawi Zikiganda, Uliza Ruta Ipi Imeshika Zamu

Hakuna kinachomtia hasara dalali wa hisa kimya kimya kama bei iliyoganda. Skrini za makao makuu zinacheza, za tawini zimesimama kwenye bei za asubuhi. Hesabu za wateja zinafunguka, oda zinapita. Kila mtu anaamini mtandao ni mzima, na mteja anauza kwa bei ambayo soko limekwishaiacha.

Sababu ni kwamba bei na oda hazisafiri pamoja. Soko kama Nasdaq la Marekani hutangaza bei kwa multikasti: taarifa hutumwa mara moja, nazo ruta za njiani huinakili kwa walioiomba tu. VPN ya kawaida ya IPsec haibebi multikasti, kwa hiyo mafundi hupitisha handaki la GRE ndani yake. Handaki likikosekana, oda zitakwenda lakini bei hazitafika.

Penye kero zaidi ni tawi lenye ruta mbili. Itifaki ya PIM huchagua moja, ruta teule, iombe bei kwa niaba ya kompyuta zote. Mshindi ni mwenye kipaumbele kikubwa. Wakilingana, mwenye anwani kubwa. Basi 192.168.10.254 huishinda 192.168.10.1. Tawi likifunga ruta ya akiba yenye anwani kubwa, nayo imewashwa PIM, huchukua zamu papo hapo, hata kama haina njia ya kufika kwenye handaki. Maombi ya bei yanaishia hapo.

Ruta teule ikizimika ghafla, nyingine husubiri. Salamu za PIM hutumwa kila sekunde 30, na kimya huvumiliwa sekunde 105. Kwa mwenye hisa zinazoporomoka, hizo ni nyingi mno!

Dawa yenyewe ni rahisi: ruta yenye handaki ipewe kipaumbele kikubwa, tuseme 100. Fundi akague pia njia ya kurudi kwenye chanzo, maana bei ikiingia kwa handaki ilhali ruta inaamini chanzo kiko upande wa intaneti, huitupa.

Mwekezaji mdogo hahitaji kuyajua yote hayo. Amwulize dalali wake swali moja: bei zikisimama tawini, kengele hulia baada ya sekunde ngapi?