Mdoli ana spea, mapafu hayana!

Wiki hii tunaweka kando habari za mapenzi na viwanja, tunawageukia watu wazima wanaokaa nyumbani wakitengeneza spea za midoli. Usicheke! Kuna wenzetu wamelivalia njuga suala hili, na wengine linawapa mshiko.

Chukua mfano wa Marekani. Filamu ya Star Wars ilitoka mwaka 1977, lakini kampuni ya Kenner ya Cincinnati haikuwahi kutoa midoli yake kabla ya Krismasi. Ikauza boksi lenye cheti tu, midoli yenyewe ikawafikia watoto mwaka 1978. Mingi ilikuwa na urefu usiofika sentimita 10, na bunduki zake vijiti tu. Mpe mtoto wa miaka sita kijiti kama hicho, uone kama kitamaliza wiki! Vikaishia chini ya makochi. Mfululizo huo wa kwanza ulikoma mwaka 1985, hivyo dukani spea hakuna. Ndipo watu wakaanza kumimina za kwao.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza unahitaji kipande cha kunakili. Kama kigari kimebaki na magurudumu matatu, una bahati, moja litazaa la nne. Unalizamisha nusu kwenye udongo wa kuchezea ndani ya kiboksi, halafu unamimina silikoni juu yake. Hujui itatosha kiasi gani? Jaza kiboksi mchele kwanza, upime. Silikoni ikikauka, unageuza, unaondoa udongo, unapaka mafuta ya mgando ili pande mbili zisigandane, kisha unamimina nusu ya pili. Hapo umepata kalibu. Ila angalia: kuna silikoni ambazo hazikauki kabisa zikigusana na udongo wenye salfa, kwa hiyo jaribu kidogo kwanza.

Kinachofuata ni rezini. Inayopendwa na wengi ni ya poliyurethani, chupa mbili unazochanganya kwa vipimo vilivyoandikwa. Ikishachanganywa haina subira, dakika chache tu inapata moto na kuganda. Na sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tuna adui wa ziada, unyevu wa hewa. Chupa ikiachwa wazi rezini inaunyonya, na ukija kumimina inafura kama andazi lililozidiwa hamira. Gurudumu linatoka na matundu kama sponji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa hakuna utani. Chupa moja kati ya hizo mbili ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zimewapa pumu wafanyakazi wengi viwandani. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaikataa, hata mvuke kiduchu baadaye unaweza kukubana kifua, na hali hiyo inaweza kudumu maisha. Kitambaa puani hakisaidii. Barakoa ya vumbi nayo haizuii mvuke. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya kemikali, glavu, na sehemu ya wazi inayopitisha upepo. Ukipiga msasa, lowesha kwanza ili vumbi lisiruke. Na kijiko cha kukorogea kisirudi jikoni hata siku moja.

Wengi wetu tumepanga chumba kimoja. Hicho hicho ndo sebule, ndo jiko, na mtoto analala hapo hapo. Mtu wangu, kama huna pa kufanyia pengine, achana nayo. Chukua ndala kuukuu uchonge gurudumu, kigari kitakwenda tu, na mtoto hatajali limetokea wapi. Ila kama hajafikisha miaka mitatu, kipande chochote kinachoenea mdomoni kiwe mbali naye, kiwe cha ndala au cha rezini.

La mwisho ni uungwana. Mwaka 2024 sampuli ya mdoli wa Boba Fett, ambao haukuwahi kuingia sokoni na kombora lake la kuruka, iliuzwa mnadani kwa dola 525,000. Pesa zikifika huko, wajanja hawalali. Wapo wanaomimina kibunduki leo na kukuuzia kesho kama cha zamani. Wanunuzi nao hukidondosha kwenye maji, kwa sababu vingi vya orijino huelea na vingi vya kunakili huzama, ingawa wajanja wamepata plastiki inayoelea pia. Usiwe miongoni mwao. Weka alama kwenye spea yako na mwambie mnunuzi kuwa umeitengeneza mwenyewe. Feki inayojitaja haimwibii mtu.

Mdoli ukikatika mkono utapata mwingine. Pafu likiharibika, hakuna kalibu yake popote. Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!