Intaneti ya Bure na Amana ya Wenzetu

Tarehe 1 Mei, 2023, Siku ya Wafanyakazi, ndipo ilipoanza kutumika nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo yamtaka anayekusanya habari za watu wengine azitunze zisivuje. Yafaa tarehe hiyo ikumbukwe, kwani habari za mfanyakazi ni mali yake, kama ulivyo mshahara wake. Lakini sheria haiwezi kukaa kando ya kila mtu aketiye mkahawani au kituo cha basi, akafungua simu yake na kujiunga na intaneti ya bure isiyotumia waya. Hapo mlinzi wa kwanza ni mwenye simu.

Wengi hudhani kwamba jina la mtandao lionekanalo kwenye simu ni uthibitisho wa mwenyewe. Sivyo. Jina hilo aweza kuliandika yeyote mwenye chombo cha kurushia mtandao, hata simu ya mfukoni. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mtu mmoja kwa madai ya kuweka mitandao ya uongo katika viwanja vya ndege na ndani ya ndege zenyewe, ikifanana na ile ya halali. Polisi walieleza kwamba waliojiunga walifunguliwa ukurasa uliowataka waingie kwa baruapepe yao au akaunti zao za mitandao ya kijamii. Hila ya namna hiyo haivunji kufuli. Yaomba ufunguo, nayo hupewa.

Ni kweli kwamba siku hizi kurasa nyingi, zile ambazo anwani zake huanza kwa herufi "https", husafirisha maneno kwa siri, hata aliye njiani asiweze kuyasoma. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini siri ya njiani itamfaa nini mtu aliyekwisha kumkabidhi mwizi neno lake la siri kwa mkono wake mwenyewe?

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, tumwulize mhudumu jina kamili la mtandao kabla ya kujiunga. Pili, tusitoe neno la siri la baruapepe, wala namba ya siri ya fedha, kwa ajili ya kufunguliwa intaneti. Tatu, mambo ya fedha tuyafanye kwa bando letu wenyewe. Nne, tuizuie simu isijiunge yenyewe, na tukiondoka tuufute mtandao ule katika kumbukumbu zake. Tano, akaunti zetu tuzifunge kwa hatua mbili, ili neno la siri likiibwa lisitoshe peke yake.

Neno la mwisho ni kwa viongozi. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mweka hazina wa ushirika, abeba katika simu yake majina, namba na michango ya wenzake. Akidanganywa, hapotezi chake peke yake: apoteza na vya watu ambao hawakuwapo mkahawani, wala hawakuonja hiyo intaneti ya bure. Waliompa habari zao walimwamini. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu. Amana ya wenzetu haiwekwi rehani kwa kuokoa bei ya bando.