Mpaka wa Parki Ukijulikana, Ugomvi Hupungua Kibumba

Huku Kibumba shamba la viazi na msitu wa Virunga vinagusana. Familia inayorudi kutoka ukimbizini hujiuliza kwanza: shamba letu linaishia wapi? Mahali mpaka usipojulikana, shida huja pamoja. Majirani husogeza mawe, wezi wa mazao hukimbilia porini, makala huchomwa usiku, na wanawake hushambuliwa wakitafuta kuni. Hapa tunaeleza namna ya kuchagua mpaka unaosaidia kupunguza mabaya hayo.

Parki iliundwa mwaka 1925, na mipaka yake iliandikwa katika amri za wakoloni ambazo wakulima wengi hawakuzisoma. Mwaka 1994 kambi ya Kibumba ilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, na miti mingi ya parki ilikatwa kwa kuni. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Katikati ya mwaka 2004, kiasi cha hekta 1,500 za msitu zilifyekwa katika sekta ya Mikeno, ambayo Kibumba inapakana nayo. Baadaye ICCN, wanavijiji na mashirika walijenga ukuta wa mawe wa kilomita 20 hivi, wenye kimo cha kama mita moja.

Mtu mzima anaweza kuuruka ukuta huo. Faida yake ni kwamba kila mtu anauona. Anayeuvuka hawezi kusema alipotea, na mkulima mwaminifu hashitakiwi bure.

Kila aina ya mpaka ina faida na hasara:

- Ukuta wa mawe: mawe ya volkano tunayo tele, na kuyaokota husafisha shamba. Husaidia kuzuia mbogo. Lakini ukibomoka usiporekebishwa, huwa kichochoro cha wezi.
- Miti ya kupandwa: gharama ni ndogo, na ikishaota hakuna awezaye kuihamisha usiku. Ikiachwa kuwa kichaka, huficha wenye nia mbaya. Ipogolewe.
- Waya wa umeme: huzuia wanyama vizuri, ila unadai ufundi, ulinzi na fedha kila mwezi.
- Mtaro: kwenye udongo laini unafaa. Penye mwamba wa lava, kuuchimba ni kazi ngumu mno.

Aina yoyote mtakayochagua, tunashauri mambo matano.

Kwanza, mpaka usomwe kwa pamoja. Mwakilishi wa mwami, wakuu wa vijiji, Nyumba Kumi, wanawake, vijana, wazee na askari wa parki watembee mstari mzima kwa miguu, na yanayokubaliwa yaandikwe. Pasipo salama kwenda, msubiri.

Pili, waliohama wasisahaulike. Vita vilivyofika Kibumba Novemba 2022 viliwasukuma wengi hadi Kanyaruchinya, na kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa Februari 2025 familia nyingi zilirudi makwao. Mstari uliopimwa bila wenye mashamba utazaa kesi mpya.

Tatu, upande wa kijiji muache njia wazi kando ya mpaka. Mahindi marefu yasipandwe hapo. Viazi, karoti na kabichi havimfichi mtu.

Nne, mama asiyekuwa na kuni ataingia msituni hata mkijenga ukuta mara mbili. Kwa hiyo mpaka uende pamoja na miti ya kupanda mashambani, kama ilivyofanywa na mradi wa EcoMakala ulioanzishwa na WWF mwaka 2007. Wanawake na watembee kwa makundi.

Tano, kila kijiji kipewe kipande chake cha kutunza, na siku ya salongo ya kukitengeneza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Viongozi, tunawaomba jambo moja kabla ya msimu wa kulima: jirani wawili wakigombania mstari, wasianze na panga wala polisi. Waitwe Nyumba Kumi na wazee wanaoujua mpaka, waende wote shambani, wauone mstari kwa macho yao. Na familia iliyorudi isilime mahali penye mashaka kabla ya kuuliza.