Nyuzi Nane za Joto

Januari 1993, hospitali ya watoto mjini Seattle, jimbo la Washington huko Marekani, ilianza kupokea watoto wanaoharisha damu. Baadhi yao figo ziligoma kufanya kazi. Wazazi walipoulizwa watoto wamekula nini, wengi walitaja kitu kimoja: baga za Jack in the Box, kampuni ya vyakula vya haraka yenye matawi mengi magharibi mwa nchi hiyo. Hadi ugonjwa unadhibitiwa, watu zaidi ya 700 walikuwa wameugua, matawi 73 yalikuwa yamehusishwa, na watoto 4 walikuwa wamefariki.

Kisa hiki kina zaidi ya miaka 30, lakini hukirudia kila ninapoulizwa swali linaloulizwa kila mahali siku hizi: kuku na chipsi vimepanda bei namna hii, je, na usafi umepanda? Jibu langu ni kwamba bei kwenye ubao haikuambii lolote kuhusu usafi. Kinachokuambia ni kile kinachofanyika jikoni gharama zinapombana mwenye mgahawa.

Tuanze na nyama yenyewe. Bakteria waliowaugulisha watoto wale, E. coli O157:H7, huishi kwenye utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru. Machinjioni, kinyesi kikigusa nyama, bakteria hao hukaa juu ya mnofu. Ukichoma mshikaki wa vipande, moto unafika pale pale walipo, na kwa sehemu kubwa wanakufa. Ukiisaga nyama hiyo, mambo yanabadilika: kilichokuwa nje kinaingia ndani, katikati ya kababu au baga, ambako joto hufika mwisho. Isitoshe, baga moja ya kiwandani huweza kuwa na nyama ya ng'ombe wengi, kwa hiyo uchafu wa ng'ombe mmoja unasambaa kwenye maelfu ya baga. Na bakteria hawa hawahitaji kuwa jeshi. Chini ya 100 wanatosha kumlaza mtoto kitandani.

Wakati huo mwongozo wa serikali kuu ya Marekani ulitaka katikati ya baga pafike nyuzi joto 60. Jimbo la Washington lilikuwa limeshapandisha kiwango hadi nyuzi 68. Uchunguzi ulionyesha kuwa Jack in the Box ilikifahamu kiwango cha jimbo, ila ikabaki na kile cha chini kwa sababu nyama ikikaa sana motoni ilikuwa inakuwa ngumu. Tofauti ni nyuzi nane tu, na kwenye kikaango hizo hupatikana kwa kuiacha nyama kwa muda mfupi zaidi.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau kulitaja. Baga iliyowaugulisha wengi ilikuwa kwenye ofa. Ilitangazwa kwa nguvu, ikauzwa kwa punguzo, wateja wakafurika kuliko uwezo wa jiko. Mpishi mwenye foleni mlangoni na msimamizi mgongoni hageuzi nyama kwa kutazama kipimajoto. Punguzo lile lililipiwa na watoto. Msichana mmoja aliyenusurika baada ya kuugua vibaya mno alilipwa fidia ya dola milioni 15.6, na mwaka 1994 serikali ya Marekani ikatangaza kuwa nyama ya kusaga yenye bakteria huyo haifai kuuzwa kisheria.

Bei imerudi kuwa hoja kubwa. Mei 2024 mkuu wa McDonald's nchini Marekani, Joe Erlinger, aliandika barua ya wazi kujibu malalamiko ya wateja. Kwa hesabu yake, Big Mac iliyouzwa kwa wastani wa dola 4.39 mwaka 2019 ilikuwa imefika dola 5.29, ongezeko la zaidi ya asilimia 20. Nyama, mishahara na karatasi za kufungia vyote vimepanda, na ndivyo ilivyo Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Lakini mteja akigoma kulipa zaidi, kampuni hutafuta pa kupunguza. Haipunguzi tangazo wala taa za mlangoni. Inapunguza mtu mmoja kwenye zamu, na huyo ndiye aliyekuwa anasafisha ubao wa kukatia. Inaongeza siku mbili za kutumia mafuta yale yale. Inazima friji moja usiku.

Bei kubwa nayo si kinga. Chipotle, kampuni ya migahawa ya Marekani inayojitangaza kwa viungo vipya na bora, ilikubali mwaka 2020 kulipa faini ya dola milioni 25 baada ya milipuko ya magonjwa iliyogusa watu zaidi ya 1,100 kati ya 2015 na 2018. Katika tawi lake moja mjini Boston, mfanyakazi aliyetapika akiwa kazini aliamriwa aendelee na zamu. Baada ya siku mbili mfanyakazi huyo huyo alisaidia kufungasha chakula cha timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Najua wamiliki wa migahawa yetu wanaomkata mhudumu posho ya siku akisema anaharisha. Mhudumu huyo atakuja kazini, kwa sababu ana kodi ya nyumba. Siku moja ya malipo kwa mgonjwa ndiyo hatua nafuu kuliko zote za usalama wa chakula, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Oktoba 2024 McDonald's yenyewe ikakumbwa na E. coli O157:H7. Watu 104 katika majimbo 14 waliugua, 34 wakalazwa, mmoja akafariki. Sisemi bei ndiyo iliyoleta ugonjwa huo. Nautaja kwa sababu ya chanzo chake: wachunguzi walielekeza kidole kwenye kitunguu kibichi kilichokatwa tayari na msambazaji.

Hapo inatupasa kusimama kidogo, maana sisi ni watu wa kachumbari. Nyama ikiwa na bakteria, bado moto upo. Kachumbari haipiti motoni. Usalama wake wote uko kwenye maji ya kuoshea, kisu, ubao, mikono, na muda inaokaa kabla ya kuliwa. Tazama ndoo ya kachumbari kwenye kibanda cha chipsi saa tatu usiku. Mara nyingi imekatwa asubuhi, imekaa kwenye joto la mji siku nzima, na kijiko chake kimeshikwa na kila mteja. Maji ya nyanya yamejaa chini, na kachumbari mpya imemwagwa juu ya ya zamani. Ndimu na siki husaidia kidogo, hazitoshi. Ukiona kachumbari inakatwa kidogo kidogo mbele yako, na aliyeikata hakutoka kushika kuku mbichi kwa mikono ile ile, hapo kula. La sivyo, chukua chipsi zako bila hiyo.

Mafuta ya kukaangia yana hatari ya aina nyingine. Kwenye karai la nyuzi 170 au 180 bakteria hawaponi, kwa hiyo mafuta machakavu hayatakuharisha usiku ule ule. Madhara yake ni ya polepole, kwa anayekula mara kwa mara. Joto, hewa na maji ya viazi huyavunja mafuta na kuzaa kemikali zisizofaa mwilini, na ndiyo maana Ujerumani ina ukomo wa asilimia 24 ya kemikali hizo kwenye mafuta ya kukaangia, na Ufaransa asilimia 25. Zikizidi, mafuta yanamwagwa.

Mwaka 2022 dumu la lita 20 lilipaa. Vita vya Ukraine vilikuwa vimevuruga biashara ya mafuta ya alizeti, na Indonesia ikazuia kusafirisha mawese nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Wakaangaji wengi walijihami kwa kuongezea mafuta mapya juu ya ya zamani. Njia hiyo haiyasafishi mafuta, maana uchakavu uliomo huanza kuyaharibu mapya mara moja. Mafuta yaliyochoka yanajionyesha. Povu lake halishuki, yanatoa moshi kabla hayajapata moto sawasawa, yananata kwenye ukingo wa karai, na chipsi zinatoka kahawia nje huku ndani zimelegea. Mteja anaweza kuyaona yote haya akiwa amesimama kaunta.

Tutoke kwenye mafuta twende kwenye viazi. Januari 2022, Wakenya waliikasirikia KFC ilipoishiwa chipsi. Ilibainika kuwa viazi vilikuwa vinatoka Misri na meli zilikuwa zimechelewa, huku wakulima wa kaunti ya Nyandarua wakikosa soko. Kampuni ilieleza kwamba haiwezi kununua kwa msambazaji ambaye hajapita ukaguzi wake wa ubora, hata ikiishiwa. Kwenye hilo niko upande wa kampuni: kuruka ukaguzi siku ya uhaba ndiyo njia ya haraka ya kuingiza balaa jikoni. Lakini KFC iliingia Kenya mwaka 2011. Miaka zaidi ya kumi ilitosha kuwakagua, kuwafundisha na kuwathibitisha wakulima wa nyumbani. Kufuatilia kiazi mpaka shamba lake, dawa iliyopulizwa na maji yaliyomwagiliwa ni gharama halali, na mlaji akielezwa ataikubali kwenye bei. Kampuni haikuwa tayari kuilipa mapema.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa chakula kisicho salama huwaugulisha watu milioni 91 barani Afrika kila mwaka, na kuua 137,000. Maafisa afya wetu hukagua migahawa, Tanzania chini ya halmashauri, Kenya chini ya kaunti. Lakini karatasi inayotundikwa ukutani ni leseni, inayosema mwenye mgahawa amelipa. Haisemi jiko lilikutwaje siku ya ukaguzi. Los Angeles ilianza kubandika alama za ukaguzi kwenye milango ya migahawa mwaka 1998, na New York mwaka 2010: A, B au C, mteja asome kabla hajaketi. Mwenye jiko safi anapata wateja kwa usafi wake, na hapo hashindwi tena na jirani anayeuza rahisi kwa sababu hamwagi mafuta.

Halmashauri na kaunti zetu zina sheria, zina maafisa, na zina matokeo ya ukaguzi kwenye mafaili. Ziyatoe mafailini na kuyabandika mlangoni.