Mtoto Mmoja Aliyehesabiwa Mara Tatu

Oktoba 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, mkoani Kigoma, ilifunguliwa upya kupokea wakimbizi wa Burundi. Nyarugusu ya Kasulu, iliyoanzishwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ilikuwa imefurika. Katika kuandikisha watu namna hiyo, yuko anayefika na karatasi zote na familia nzima. Yuko pia mtoto aliyepotezana na wazazi, anayejua jina lake tu.

Tuseme mtaalamu wa programu anataka kuliweka hilo katika Java. Ataandika klasi ya Mkimbizi yenye konstrakta tatu, yaani vipande vinavyofanya kazi pale rekodi mpya inapoundwa. Ya kwanza inapokea jina tu, ya pili jina na mwaka wa kuzaliwa, ya tatu inaongeza namba ya kaya. Ile ya jina tu hairudii kazi: inaiita ya pili kwa neno this na kuweka 0 penye mwaka; ya pili nayo inaiita ya tatu, na hapo ndipo taarifa zinapoandikwa.

Sasa hesabu. Jina ni la kila rekodi peke yake, lakini jumla ya walioandikishwa ni ya klasi nzima, ndiyo maana hupewa neno static: rekodi zote zinatumia namba hiyo moja. Kuipandisha ni mstari mmoja tu, jumla++. Uwekwe wapi? Anayejifunza huuweka kwenye konstrakta zote tatu, asije akasahau mtu. Mwenye karatasi zote anahesabiwa mara 1. Yule mtoto, mara 3. Programu wala hailalamiki, na ndiyo maana kosa hili nalichukia kuliko lile linalozima kompyuta. Mstari ukae kwenye konstrakta ya tatu peke yake, kwa kuwa wote lazima wapitie hapo.

Hata hivyo, static peke yake haiwezi kuendesha kambi. Namba hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya programu inayoendelea. Programu ikifungwa na kuwashwa tena, namba inaanza sifuri, na programu ya Kibondo haina habari na ya Kasulu. Isitoshe, inahesabu rekodi zilizoundwa, si watu waliopo. Warundi walipoanza kurejeshwa kwao kwa hiari Septemba 2017, kuondoka kwao kusingegusa konstrakta yoyote. Ndiyo maana UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hutegemea hifadhidata, na alama za vidole na mboni za macho ili aliyekwisha kuandikishwa atambulike. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilipofungwa 2021, watu wake walihamishiwa Nduta: wa kubadilishiwa anwani, si wa kuundiwa rekodi mpya.